Uhai wa Nani? Anki kutoka Karnak hadi Mwihoko

Miungu ya Misri ya kale haikuvaa anki, ule msalaba wenye kitanzi juu, shingoni. Iliishika mkononi. Kwenye kuta za mahekalu ya Karnak, Luxor, Abydos na Abu Simbel, mungu baada ya mungu amechongwa kwa ubavu, mkono mmoja una fimbo ya enzi, wa pili umeshuka kando ya paja na vidole vimepenya kitanzi cha anki, kama keateka wa ploti anayezunguka na tita lake la funguo. Akiamua kuitumia, huiinua na kuisogeza puani mwa mfalme. Puani, si kifuani. Kwa Wamisri uhai uliingia pamoja na pumzi, na zawadi ya uhai ilifikishwa pale pumzi inapopitia.

Ninaanzia puani kwa sababu Mwihoko mjadala wa anki huanzia shingoni. Kata hii ya Ruiru, Kaunti ya Kiambu, iko ng'ambo kidogo tu ya mpaka wa jiji la Nairobi. Ukishuka Githurai 45 kando ya Barabara Kuu ya Thika, unachukua matatu ya pili au boda, unalipita soko, kisha magorofa ya kupangisha, makanisa ya mabati, vinyozi na maduka ya M-Pesa. Watu wamehamia huku kutoka kila pembe ya Kenya, na anki nayo imehamia. Utaiona ya shaba kwenye mkufu wa kijana mwenye rasta, imechapwa kwenye fulana ya mtumba, imechorwa ukutani kwa kinyozi kando ya sura ya Bob Marley, au imechanjwa tatoo mkononi mwa mwanafunzi wa chuo aliyepanga huku kwa sababu kodi ni nafuu. Wengi huiandika ankh, kama wafanyavyo wataalamu. Mimi nitaiandika anki, ikae vizuri kinywani.

Na katika nyumba yenye kijana wa namna hiyo na mama asiyekosa maombi ya Jumatano, mazungumzo haya hayako mbali:

“Hicho ni nini umevaa shingoni?”

“Ni anki, mama. Ni alama ya uhai.”

“Uhai wa nani?”

Hapo kijana hunyamaza, na mama huenda zake akiwa na hakika ameshinda. Swali lenyewe lakini ni zuri kuliko anavyodhani aliyeliuliza. Vitabu vingi vinavyouzwa kando ya barabara vitakuambia anki ni uhai, vikakomea hapo. Havikuambii uhai huo ulikuwa wa nani, ulitoka kwa nani, na nani hakuonjeshwa.

Kabla ya kuwa pambo au hirizi, anki ilikuwa sehemu ya maandishi. Katika hieroglifu za Misri, umbo hilo lilibeba konsonanti tatu ambazo msomaji aliyepitia madrasa atazitambua mara moja: ain, nuni na kha. Irabu hazikuandikwa, kwa hiyo jinsi Wamisri wa zamani sana walivyolitamka neno ni jambo la kukisia. Katika Kikopti, lugha ya Misri ya baadaye iliyoandikwa kwa herufi za Kigiriki, lilikuwa limefika kwenye sauti iliyo karibu na “onkh”. Mara nyingi karani alipomaliza kuchora anki aliongeza kando yake wimbi dogo la maji, ambalo ni nuni, na kiduara, ambacho ni kha, ili msomaji asipotee. Maana yake ilikuwa kuishi, uhai, aishi, aliye hai, kulingana na sentensi.

Ndiyo maana imejaa kwenye majina. Tutankhamun, mfalme kijana ambaye kaburi lake lilifunguliwa na Howard Carter mwezi wa Novemba 1922, amebeba anki katikati ya jina lake: sura hai ya mungu Amun. Alipokuwa mtoto aliitwa Tutankhaten, na mkewe aliitwa Ankhesenpaaten. Ibada ya Aten, mungu jua, ilipoanguka, mungu aliondolewa kwenye majina yote mawili na Amun akawekwa badala yake. Anki haikuguswa. Siasa ilibadilisha mwenye kutoa uhai, neno uhai likabaki mahali pake.

Hata kazi ya kuzisoma upya hieroglifu ilipitia hapo. Jiwe la Rosetta, lililookotwa na askari wa Ufaransa huko Rashid mwaka 1799 na kuchukuliwa na Waingereza hadi London, lina amri ya makuhani ya mwaka 196 KK kwa ajili ya Mfalme Ptolemaio wa Tano. Ndani ya mviringo wa jina lake kuna anki, sehemu ya cheo kisemacho aishi milele, apendwaye na Ptah. Na maandishi ya Kigiriki kwenye jiwe hilohilo yana cheo hicho hicho. Jean-François Champollion alipotangaza ugunduzi wake Septemba 1822, anki ilikuwa miongoni mwa alama zilizoanza kusema tena baada ya kimya cha zaidi ya miaka elfu moja.

Umbo lenyewe ni la kitu gani? Hapa watu hupenda kupanda juu sana. Utaambiwa kitanzi ni mwanamke na mguu ni mwanamume, au ni jua linalochomoza juu ya upeo wa nchi, au ni ufunguo wa mto Nile. Hayo ni maelezo ya baadaye, mengi yakitoka kwa wasafiri wa Ulaya ambao hawakuweza kusoma hata neno moja la ukutani. Watafiti Andrew Gordon na Calvin Schwabe, katika kitabu chao cha mwaka 2004, walipendekeza ni pingili ya uti wa mgongo wa fahali, wakiihusisha na imani ya Wamisri kuhusu mahali mbegu ya uhai inapokaa mwilini. Wako wanaosema ni fundo la mshipi. Alan Gardiner, bingwa wa sarufi ya Kimisri, aliiorodhesha kama kamba ya ndara: kitanzi huzunguka kifundo cha mguu, ule mguu wa alama hupita kati ya vidole. Ukiwa umewahi kuvaa akala za tairi, au umewaona wazee wakizivaa, huhitaji mchoro.

Mimi nakaa na kamba ya ndara, kwa sababu inaeleza njia ambayo makarani walifuata. Uhai hauchoreki. Lakini kamba ya ndara ilikuwa na jina lenye konsonanti zile zile, basi wakachora kamba ili isomwe uhai. Ni mchezo ambao Mswahili angeweza kuucheza akichora kaa wa baharini ili mwenzake asome “kaa hapa”. Wanaodhani asili ya namna hii inaishusha hadhi anki hawajafikiria vizuri. Alama ya uhai ilianzia miguuni, kwenye vumbi, kisha ikapanda hadi mikononi mwa miungu.

Sasa turudi kwa mama. Uhai wa nani?

Mwanzoni, wa mfalme. Kwenye michoro ya mahekalu, miungu humpa Farao anki, si raia. Pengine hupewa mkononi, pengine puani, na katika tukio moja linalorudiwa tena na tena, miungu wawili, mara nyingi Horus na Thoth, wamesimama kulia na kushoto kwake wakimmiminia maji. Ila ukiyatazama maji hayo kwa karibu utaona ni mkufu wa anki ndogondogo zinazoporomoka juu ya kichwa chake. Mfalme anaogeshwa uhai. Mara nyingi jina lake lilipoandikwa, makarani waliongeza matakwa matatu kwa mkato: uhai, ustawi, afya. La kwanza kati ya hayo ni anki.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Amarna, mji alioujenga Mfalme Akhenaten karibu mwaka 1350 KK. Huko Aten, jua lenyewe, limechorwa likiwa na miale mirefu, na kila mwale unaishia kwa kiganja cha mkono. Baadhi ya viganja hivyo vimeshika anki, na vinaielekeza kwenye pua ya Akhenaten na ya mkewe Nefertiti. Katika michoro hiyo hiyo wamo watumishi, wanamuziki, maafisa walioinama, farasi. Miale inawaangaza wote, lakini anki haiwashukii. Walipaswa kupata uhai wao kupitia kwa mfalme, kama wanyenyekevu wa kila utawala wanavyopaswa. Ninapomsikia kijana akisema anki ni alama ya uhuru wa Mwafrika, nakumbuka viganja vile na jinsi vilivyojua vizuri pua za kuzifikia.

Haikubaki hivyo siku zote. Kidogo kidogo raia nao waliifikia. Majeneza ya maafisa wa Ufalme wa Kati yamechorwa ndani yake vitu ambavyo marehemu angevihitaji, na anki imo. Barua za watu wa kawaida zilifunguliwa kwa kumtakia mwenzio uhai, ustawi na afya, maneno yale yale ya mfalme yakiwa yamefika mtaani. Watu waliapa kwa neno anki, kwa maana kiapo kilianza kwa kutaja uhai wa bwana, na neno hilo likawa pia jina la kiapo chenyewe. Katika kijiji cha mafundi cha Deir el-Medina, deni la punda au la nafaka lingeweza kumalizikia hapo, mtu akiapa mbele ya wenzake kwamba atalipa. Shada la maua liliitwa kwa jina hilo hilo. Kioo nacho kiliitwa hivyo, na seremala wa Tutankhamun hakuweza kuacha utani huo upite: alitengeneza kasha la kioo la mbao zilizofunikwa dhahabu, lenye umbo la anki kamili. Carter alipolifungua, kioo hakikuwemo. Wezi walikuwa wametangulia. Katika kaburi hilo hilo zilikuwemo pia taa ndogo za shaba nyeusi zenye umbo la anki iliyoota mikono miwili ya binadamu, ikibeba mwenge. Hizo ndizo anki ninazozipenda kuliko zote, kwa sababu zinafanya kazi.

Kitu cha kushangaza ni uchache wa anki kama hirizi ya shingoni. Wamisri walivaa hirizi kwa maelfu: mbawakawa, jicho la Horus, nguzo ya djed, fundo la Isis. Ukilinganisha na hizo, anki za kuvaliwa zilizohifadhiwa ni chache. Uhai ulikuwa kitu cha kupewa, kwa hiyo mahali pake pa kawaida palikuwa mkononi mwa mtoaji.

Ilitoka Misri ikashuka kusini, na njia hiyo imo kwenye Biblia ya mama wa Mwihoko ingawa pengine hajawahi kuambiwa. Wafalme wa Kushi, katika Sudan ya leo, waliitawala Misri yote katika karne ya 8 na ya 7 KK na wakaitumia anki kama yao. Mmoja wao ni Taharqa, ndiye Tirhaka, mfalme wa Kushi anayetajwa katika 2 Wafalme 19:9. Karne nyingi baadaye, mji mkuu ukiwa Meroe, malkia waliitwa Kandake, cheo ambacho Luka anakitaja katika Matendo 8:27 anapomsimulia towashi aliyebatizwa na Filipo. Hekalu la Simba huko Naga, lililojengwa katika karne ya 1 BK na Mfalme Natakamani na Malkia Amanitore, bado limesimama, na miungu iliyochongwa ukutani imeshika anki mbele ya malkia mnene mwenye nguvu ambaye msanii hakujaribu kumpunguza mwili. Hiyo ndiyo anki ya Kiafrika iliyo karibu nasi zaidi kwa jiografia na yenye ushahidi wa mawe.

Kisha yakaja mambo ambayo kila mchungaji anayehubiri dhidi ya mkufu wa shaba angefaa kuyajua.

Mwaka 391, wakati Theodosius alipokuwa mfalme wa Roma na Theofilo askofu wa Aleksandria, Wakristo wa mji huo walilibomoa hekalu kubwa la mungu Serapis. Mwanahistoria wa Kanisa Sokrate wa Konstantinopoli, aliyeandika katika karne iliyofuata, anasimulia kwamba mawe yalipofunuliwa zilionekana alama zenye umbo la msalaba. Ukazuka ubishi. Wakristo walisema ni ishara ya Kristo, wafuasi wa Serapis wakasema ni yetu tangu zamani. Ndipo baadhi ya watu waliokuwa wameingia Ukristo na waliojua maandishi ya kale wakaeleza kwamba alama ile ilimaanisha uhai ujao. Wakristo wakashangilia, na wengine wengi wakabatizwa. Sokrate mwenyewe, mtu makini, anasema hadhani makuhani wa zamani waliyajua mambo ya Kristo walipokuwa wakichonga. Lakini kama habari ni sahihi, wale waongofu waliisoma vizuri. Ilikuwa anki, na ilisema uhai.

Miaka 3 baadaye, tarehe 24 Agosti 394, kuhani mmoja alichonga maneno machache kwenye hekalu la Isis kisiwani Philae, karibu na Aswan. Hayo ndiyo maandishi ya mwisho ya hieroglifu yenye tarehe tunayoijua. Baada yake wasomaji wakapungua, wakafa, na mfumo mzima ukafungwa. Maelfu ya alama yaliachwa ukutani bila wa kuyatamka. Moja tu iliendelea kuchorwa na watu wapya kwa makusudi, na watu hao walikuwa Wakristo.

Ushahidi wake hauna ukungu. Katika makaburi ya Kikristo ya Bagawat, kwenye chemchemi ya Kharga jangwani, kuna kanisa dogo ambalo dari yake ina picha za Adamu na Hawa, safina ya Nuhu na Danieli kati ya simba. Humo pia Amani amechorwa kama mwanamke, na mkononi ameshika anki. Kuna nakala ya Kikopti ya Matendo ya Mitume, ya karne ya 4 au ya 5, inayohifadhiwa katika Maktaba ya Morgan jijini New York. Mwishoni mwake mwandishi aliweka anki kubwa ya rangi iliyojaa ukurasa, yenye ndege pembeni. Nguo za maziko, taa, mawe ya makaburi, vyote vina msalaba huu wenye kishikio. Wakristo hao hawakuwa wakificha upagani chini ya kanzu. Wengi wao walikuwa wajukuu wa watu walioijua alama kutoka ukutani, wakaona inafaa, wakaichukua.

Na Kanisa lao si la mbali. Mwaka 1976 Kanisa la Kikopti lilimweka wakfu Antonius Markos kuwa askofu wa masuala ya Afrika, makao yake yakiwa Nairobi, na hospitali ya Wakopti iliyoko Ngong Road imewatibu Wakenya wengi ambao hawakuwahi kujiuliza neno Kikopti linatoka wapi. Linatoka kwenye jina la Misri.

Basi hofu ilitoka wapi? Si Misri. Sehemu yake ilitoka kwenye sinema. Mwaka 1983 Tony Scott aliongoza filamu The Hunger, ambamo Catherine Deneuve na David Bowie ni wanywa damu wanaovaa mikufu ya anki, na ndani ya kila anki kumefichwa kisu cha kukatia shingo. Vijana wa Ulaya na Marekani waliopenda nguo nyeusi na mambo ya makaburi waliipenda sana. Kutoka hapo anki ikawa pambo la usiku, na wahubiri wa huko wakaipa kurasa katika orodha zao za alama za shetani. Orodha hizo zilisafiri. Leo zinafika Mwihoko kwa WhatsApp, zikiwa na mshale mwekundu na onyo la kuwatumia watu kumi.

Zilikuta udongo umelimwa. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliteua tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini Kenya, mwenyekiti akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti yake ilifikishwa Bungeni mwaka 1999, na ilisema ibada hiyo ipo. Waliokuwa shule za bweni miaka hiyo wanakumbuka joto lake: nani kaonekana na pete gani, mwalimu gani ana gari lisiloeleweka, ukumbi wa Frimasoni pale Nyerere Road una nini ndani. Umbo lolote geni likawa mshukiwa, na pembetatu, jicho, nyoka na anki vikatupwa kwenye gunia moja linaloitwa Iluminati. Iluminati wenyewe walikuwa chama cha Bavaria kilichoanzishwa na Adam Weishaupt mwaka 1776 na kupigwa marufuku kabla muongo uliofuata haujaisha. Jicho lililo juu ya piramidi kwenye dola ya Marekani ni jicho la Mungu la wachoraji wa Ulaya, liliwekwa kwenye muhuri wa nchi hiyo mwaka 1782, na si jicho la Horus. Anki haimo kwenye noti hiyo hata kidogo. Ila gunia likishafungwa, nani ana muda wa kulifungua?

Fahari nayo ilikuja kwa njia ndefu. Mwaka 1954 Msenegali Cheikh Anta Diop alichapisha jijini Paris kitabu kilichodai kwamba Misri ya kale ilikuwa ustaarabu wa watu weusi, na mwaka 1974 yeye na Théophile Obenga wa Kongo-Brazzaville walitetea hoja hiyo mbele ya wataalamu waliokutanishwa Cairo na UNESCO. Mkutano huo ulikuwa sehemu ya mradi wa UNESCO wa Historia Kuu ya Afrika, ambao uliwahi kuongozwa na Mkenya, Bethwell Ogot, aliyehariri pia juzuu yake ya tano. Hiyo ndiyo njia ya vitabu. Njia ya muziki ilikuwa na kasi zaidi. Tupac Shakur alichanjwa sura ya Nefertiti kifuani. Michael Jackson aliifanya Misri kuwa uwanja wa video yake ya mwaka 1992. Erykah Badu alipotokea na albamu ya Baduizm mwaka 1997, anki ilikuwa sehemu ya mavazi yake, na wasichana wengi waliijua kwake kabla ya kusikia jina la Farao hata mmoja. Rasta wa Kenya waliipokea pamoja na rangi tatu na simba wa Yuda. Rasta hao wana kinga fulani ya sheria: mnamo Septemba 2019 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Urastafari ni dini, katika kesi ya mwanafunzi wa Kibera aliyekuwa amefukuzwa shuleni kwa sababu ya nywele zake.

Namheshimu kijana anayevaa anki kwa fahari kuliko ninavyoiheshimu orodha ya WhatsApp. Walau amesoma kitu. Lakini akiniambia ni alama ya mababu zake, namuuliza mababu gani. Masimulizi ya Wakalenjin, ya Wakuria, ya Wakisii na ya baadhi ya Waluhya yanataja Misri kama mahali pa kutoka, na wanahistoria wanaendelea kubishana kama Misri hiyo ni ile ya Nile au ni jina lililoongezewa nguvu na Biblia ya wamisionari. Ya Wagikuyu, ambao ndio wenyeji wa Kiambu, yanaanzia Mukurwe wa Nyagathanga huko Murang'a, kwa Gikuyu na Mumbi, chini ya mti na si kando ya piramidi. Ngao na vibuyu vyao vina mapambo yake mazuri, na anki si mojawapo. Hakuna aibu hapo. Mtu anaweza kuivaa kwa sababu ameipenda, au kwa sababu Kushi ni Afrika na Afrika ni yake, bila kumbandikia babu yake mkufu ambao hakuuvaa.

Na nani anayezitengeneza? Nyingi za shaba zinazouzwa Nairobi, Maasai Market na kwingineko, hutoka kwenye karakana za jua kali kama zile za Kibera, ambako kufuli kuukuu, mifereji iliyochakaa na vipande vya mabomba huyeyushwa juu ya makaa. Fundi hukandamiza mfano kwenye kalibu ya mchanga, humimina, huvunja ikishapoa, kisha hupiga msasa hadi shaba itoe rangi. Karakana hizo hizo hutengeneza misalaba, ramani za Afrika, ndovu na hereni za mifupa ya ng'ombe, kulingana na oda. Ukimuuliza fundi anki ina maana gani atakuambia ni uhai, kisha atakuuliza unataka ngapi.

Kuna tatizo moja la kifundi ambalo kila anayetengeneza anki ya kuvaliwa hulikuta. Kitanzi kinaonekana kama tundu lililo tayari kwa uzi, na mnunuzi mgeni huona hivyo hivyo. Ukipitisha uzi humo moja kwa moja, anki hugeuka, ikakaa ubavu kifuani, na mtu aliye mbele yako huona ukingo mwembamba wa shaba tu. Kitanzi kile kilikusudiwa vidole. Kwa hiyo fundi huongeza pete ndogo juu yake, akaichomelea kwa ubavu, uzi ukapita kwenye pete, na anki ikatazama mbele. Kwa pete hiyo anakutoza zaidi kidogo, na ukibishana naye atakutolea isiyo nayo uijaribu mwenyewe.